Herufi Ndogo Kwenye Bamba la Chuma: Kiganjo Inahitaji Ushupavu Kiasi Gani?

Tuseme wazazi wa mtaa mmoja wa Kiganjo wameomba kivuko cha chuma juu ya kijito ambacho watoto wao hukivuka kila siku wakienda shuleni. Mvua za masika zikianza, mawe ya kukanyagia hufunikwa na maji, na watoto hubebwa mgongoni au kubaki nyumbani. Mhandisi ameshachora kivuko hicho. Mihimili yake miwili itatengenezwa kwa bamba la milimita 16, na amependekeza chuma kinachojilinda na kutu ili kisihitaji kupakwa rangi kila baada ya miaka michache.

Wauzaji watatu wameleta karatasi za bei. Wa kwanza ameandika S355J0W, na ameambatisha cheti cha kiwanda. Wa pili ameandika S355K2W, akaongeza kwa kalamu kwamba chuma chake "kinastahimili baridi kali kuliko vyote", lakini hana cheti. Wa tatu ameandika A588, na cheti chake kinaonyesha nguvu ya chuma na madini yaliyomo, basi.

Bei za watatu hao hazilingani, na pesa za kivuko ni za umma. Kamati ichague ipi? Makala haya yanaeleza maana ya herufi hizo hatua kwa hatua, ili mkazi asiye mhandisi aweze kuisoma karatasi ya aina hiyo na kuuliza swali linalofaa. Jibu la karatasi hizo tatu liko karibu na mwisho.

Chuma kinachojilinda na kutu ni kipi?

Chuma cha kawaida kikipata maji na hewa hushika kutu, kutu hiyo hubanduka kama maganda, na chuma kilicho chini huanza kuliwa upya. Chuma kinachojilinda na kutu kimechanganywa na kiasi kidogo cha shaba, kromi, na mara nyingi nikeli au fosforasi. Hicho nacho hushika kutu, lakini kutu yake hushikamana na kuwa ganda gumu la rangi ya kahawia iliyokolea. Baada ya miaka michache ya kulowa na kukauka, ganda hilo hupunguza sana kasi ya kuliwa kwa chuma.

Kampuni ya United States Steel ilianza kukiuza mwaka 1933 kwa jina la Cor-Ten, na hadi leo mafundi wengi hukiita kwa jina hilo. Wakazi wa Thika na Ruiru hukiona kila siku bila kukijua, kwa sababu kuta za kontena nyingi za melini, zile zinazogeuzwa kuwa maduka, ofisi na vinyozi, hutengenezwa kwa chuma cha jamii hii.

Ganda hilo lina masharti yake. Linahitaji kulowa na kukauka kwa zamu. Mahali ambapo maji hutuama, majani huoza au udongo umeegemea chuma mwaka mzima, ganda halijengeki na chuma huliwa kama kingine chochote. Chumvi nayo huliharibu, ndiyo maana chuma hiki hakifai kuachwa bila rangi karibu na bahari. Kiganjo haina chumvi ya bahari. Adui wake hapa ni tope na maji yaliyotuama.

Nguvu ni kitu kimoja, ushupavu ni kingine

Nambari 355 kwenye S355 inaonyesha nguvu, yaani mzigo ambao chuma hubeba kabla ya kuanza kunyooka moja kwa moja bila kurudi. S355J0W, S355J2W na S355K2W zote zina nguvu hiyo moja. A588 ya Marekani haiko mbali, kwani nguvu yake ni 345 kwa kipimo hichohicho. Kwa nguvu pekee, basi, karatasi tatu za kamati zinakaribia kufanana.

Tofauti iko kwenye ushupavu, yaani uwezo wa chuma kupinda na kuvumilia pigo kabla ya kuvunjika, hata kikiwa na ufa mdogo. Chukua mshumaa. Ukiachwa juani, hupinda kama kamba. Ukitolewa kwenye friza na kupindwa, hukatika kwa mlio. Ni mshumaa uleule na nta ileile, kilichobadilika ni joto tu. Chuma cha ujenzi kina tabia ya namna hiyo. Kikiwa na joto hunyooka na kutoa onyo kabla ya kukatika. Kikipoa kupita kiwango fulani, ufa mdogo unaweza kukimbia ndani yake kwa ghafla bila chuma kupinda kwanza.

Dunia ililijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta iliyoitwa Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini katika mji wa Portland, Marekani, kwenye maji tulivu. Haikuwa imegongwa na chochote. Ilikuwa meli mpya iliyounganishwa kwa kuchomelewa, chuma chake kilikuwa na ushupavu mdogo, na usiku huo ulikuwa wa baridi. Meli nyingine za miaka hiyo zilipata nyufa za aina hiyo, na tangu hapo wahandisi waliacha kuuliza juu ya nguvu peke yake.

Nyundo inayobembea

Ushupavu hupimwa kwa njia iliyobeba jina la Georges Charpy, Mfaransa aliyeieleza mwaka 1901. Kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 55 na unene wa milimita 10 kwa 10 hukatwa mkato wa umbo la V wenye kina cha milimita 2. Kipande hupozwa hadi halijoto iliyotakiwa, kisha nyundo nzito inayobembea hukipiga upande wa pili wa mkato. Kadiri chuma kinavyokuwa kishupavu, ndivyo kinavyokula nguvu nyingi ya nyundo, na nyundo hupanda kidogo baada ya pigo. Nguvu iliyoliwa hupimwa kwa jouli.

Jouli 27 ni kiasi gani? Ni karibu pigo la pakiti ya unga ya kilo 2 ikianguka kutoka urefu wa mita 1.4, yaani kifuani mwa mtu mzima. Jouli 40 ni pakiti hiyohiyo ikianguka kutoka mita 2, juu kidogo ya kichwa chake. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini hapa kinaliwa na kipande kisichozidi kidole, tena chenye mkato.

Vipande vinavyopimwa ni vitatu, na wastani wao ndio unaohesabiwa. Kwa kanuni za Ulaya, kimoja kinaweza kushuka chini ya kiwango, lakini kisipungue asilimia 70 yake. Kwa kiwango cha jouli 27, hiyo ni karibu jouli 19.

Kusoma herufi

Kila nchi ina alama zake, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea.

Ulaya, kanuni ya EN 10025-5:
J0 ni jouli 27 kwa nyuzi 0.
J2 ni jouli 27 kwa nyuzi 20 chini ya 0.
K2 ni jouli 40 kwa nyuzi 20 chini ya 0.
J4 na J5, zilizoongezwa katika toleo la 2019, ni jouli 27 kwa nyuzi 40 na 50 chini ya 0.
Herufi W mwishoni ndiyo inayosema kwamba chuma kinajilinda na kutu. Ikiandikwa WP, kina fosforasi nyingi zaidi. Fosforasi husaidia dhidi ya kutu lakini hupunguza ushupavu, na hiyo ni sababu moja ya mabamba ya WP kuishia kwenye unene wa milimita 12.

Marekani, kanuni za ASTM:
A588 ikiandikwa peke yake haiahidi kipimo chochote cha nyundo. Kipimo hufanywa mnunuzi akikitaja kwenye oda.
A709 Gredi 50W, ya madaraja, huongezewa herufi na nambari, kwa mfano 50WT1. Nambari ni ukanda wa baridi: 1 ni mahali ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 18 chini ya 0, 2 hufika nyuzi 34 chini ya 0, na 3 hufika nyuzi 51 chini ya 0. T ni ya sehemu za kawaida. F ni ya sehemu ambazo zikikatika, daraja lote linaanguka.
Kwa mabamba ya kawaida ya ukanda wa 1, T hutaka jouli 20 na F hutaka jouli 34, zote zikipimwa kwa nyuzi 21 juu ya 0.

Japani, kanuni ya JIS G 3114:
SMA490AW haina sharti la nyundo.
SMA490BW ni jouli 27 kwa nyuzi 0.
SMA490CW ni jouli 47 kwa nyuzi 0.

Uchina, gredi kama Q355NH:
Herufi B hupimwa kwa nyuzi 20 juu ya 0, C kwa nyuzi 0, D kwa nyuzi 20 chini ya 0, na E kwa nyuzi 40 chini ya 0.

Linganisha herufi B za orodha hizo. B ya Japani imepimwa kwenye barafu, B ya Uchina imepimwa kwenye joto la chumba. Muuzaji akisema "hii ni gredi B", hajasema kitu mpaka ataje kanuni. Kwa sababu hiyo karatasi ya bei inapaswa kuonyesha jina la kanuni pamoja na herufi zote.

Jambo la pili la kuangalia kwenye orodha hiyo ni mpango wa Marekani. Daraja la mahali panaposhuka hadi nyuzi 18 chini ya 0 hujengwa kwa chuma kilichopimwa kwenye nyuzi 21 juu ya 0. Hilo si kosa. Nyundo hupiga kwa kasi kubwa, ilhali lori au mtu anayepita huongeza mzigo polepole. Chuma kinachopigwa ghafla hujionyesha dhaifu kuliko kinachobebeshwa taratibu, kwa hiyo kanuni hiyo imeiruhusu halijoto ya kipimo kuwa ya juu. Halijoto ya kipimo, kwa maneno mengine, ni sharti la maabara. Haisemi kwamba chuma kitavunjika siku ambayo hewa itafika hapo, wala haisemi kwamba ni salama kila siku ambayo haijafika.

Kiganjo iko wapi katika orodha hii?

Thika iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hata asubuhi za Julai, mawingu yanapotanda wiki nzima na kila mtu akivaa sweta, halijoto haikaribii nyuzi 0. Sehemu za juu za kaunti, upande wa Limuru na Lari, zina baridi zaidi, na jirani zetu wa Nyandarua hupata sakitu mashambani. Usiku usio na mawingu chuma huweza kupoa nyuzi chache kuliko hewa iliyokizunguka. Kwa hiyo, ukitaka kuwa mwangalifu, hesabu kivuko cha Kiganjo kana kwamba siku moja kitafika nyuzi 0.

Kanuni za Ulaya, EN 1993-1-10, zina jedwali linalounganisha gredi, baridi, mzigo na unene. Kwa chuma cha S355 kinachobeba mzigo mkubwa, robo tatu ya nguvu yake, kwenye nyuzi 0, unene wa juu unaoruhusiwa ni huu:

J0: milimita 50.
J2: milimita 75.
K2: milimita 90.

Kadiri bamba linavyokuwa nene ndivyo ushupavu mwingi unavyohitajika, kwa sababu ufa ulio ndani ya chuma kinene umebanwa pande zote na chuma hakipati nafasi ya kunyooka. Bamba la kivuko chetu ni milimita 16, na J0 inaruhusiwa hadi milimita 50. Kulipia K2 kwa kivuko hicho ni kama kununua koti la theluji kwa safari ya kutoka Kiganjo hadi Makongeni. Koti si baya, ila pesa zake zingetosha kununua kitu ambacho kivuko kinakihitaji kweli.

Somo la Melbourne

Mtu anaweza kusema: kama Kenya haina theluji, basi tuachane na habari za ushupavu. Australia nayo haijulikani kwa baridi kali. Daraja la Kings katika mji wa Melbourne lilifunguliwa Aprili 1961. Asubuhi ya tarehe 10 Julai 1962, gari kubwa lenye uzito wa tani 45 hivi lilikuwa linapita na sehemu moja ya daraja ikapasuka na kuzama chini yake. Halijoto ilikuwa karibu nyuzi 2 juu ya 0. Kuta zilizokuwa chini ya daraja ziliizuia isianguke kabisa, na hakuna aliyekufa.

Tume iliyochunguza haikulaumu baridi peke yake. Chuma kilikuwa cha nguvu kubwa lakini kigumu kuchomelea vizuri. Nyufa ndogo zilikuwa zimeanza kando ya maungio ya mihimili, nyingine tangu mihimili ilipokuwa bado kiwandani, na ukaguzi haukuziona. Asubuhi ya baridi, ambayo isingegandisha hata ndoo ya maji, ilitosha kumalizia kazi.

Kwa mkazi wa Kiganjo, somo ni kwamba ushupavu unahitajika hata penye joto, na kwamba kwa kawaida hupotelea kwenye maungio.

Kiungo dhaifu

Daraja la chuma ni mabamba yaliyounganishwa, na mahali pa kuunganisha ni chuma kipya kilichotoka kwenye kijiti cha kuchomelea. Vijiti navyo vina alama, na alama hizo zina uzito kuliko herufi za bamba.

Kijiti cha E6013 ndicho kinachopatikana karibu kila duka la vifaa na karibana nyingi za jua kali. Ni rahisi kukiwasha na kinafaa kwa mageti, madirisha na meza. Kanuni za Marekani zinazotoa alama hizo hazikiwekei sharti lolote la nyundo. Kijiti cha E7018 kinatakiwa kufikisha jouli 27 kwenye nyuzi 29 chini ya 0. Kwa chuma kitakachoachwa bila rangi, kuna vijiti vyenye shaba na kromi, kama E8018-W2, ili maungio nayo yapate ganda lenye rangi na kinga sawa na bamba.

Kamati iliyolipia K2W kisha ikaruhusu maungio ya E6013 imenunua mnyororo wa chuma na kuufunga kwa uzi. Kinachopasuka kwanza ndicho kinachoamua.

Kununua E7018 nako hakutoshi. Vijiti hivyo lazima vitunzwe vikavu, ama kwenye pakiti isiyofunguliwa ama kwenye oveni yake. Vikiachwa wazi msimu wa mvua hunyonya unyevu. Unyevu huo ukipata moto hutoa haidrojeni inayoingia kwenye maungio, na saa kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshakwenda nyumbani, huweza kupasua chuma kilicho kando ya ungio. Ufa huo hauonekani kwa macho chini ya takataka za kuchomelea. Ndiyo sababu ukaguzi wa maungio ya kivuko hufanywa baada ya muda kupita, kwa dawa ya kuonyesha nyufa au kwa mawimbi ya sauti, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Baridi iliyo ndani, na kontena

Kuna mahali pamoja ambapo baridi kali iko kweli katika eneo la Thika na Ruiru, nayo ni ndani ya vyumba vya kuhifadhia vyakula. Vyakula vilivyogandishwa huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya 0. Nguzo au rafu za chuma nene zilizo ndani ya chumba kama hicho haziishi katika hali ya hewa ya Kiambu. Katika jedwali lile lile la Ulaya, kwenye nyuzi 20 chini ya 0, unene unaoruhusiwa kwa J0 hushuka kutoka milimita 50 hadi 35, na kwa J2 ni milimita 50. Hapo tofauti ya J0 na J2 huanza kuwa na uzito, na mhandisi anapaswa kuambiwa mapema kwamba chuma kitakaa ndani ya friza.

Kwa kontena, hali ni kinyume. Ukuta wa kontena ni bati lenye unene wa milimita 2 au pungufu. Kanuni za Ulaya hazidai kipimo cha nyundo kwa bamba lililo chini ya milimita 6, na gredi ya Japani inayotumiwa sana kwa kontena, SPA-H, haina sharti hilo. Muuzaji anayemwambia mfanyabiashara wa Kiganjo kwamba kontena lake "limepimwa kwa baridi" ili aongeze bei anauza maneno. Mnunuzi aangalie sakafu kwa chini, pembe nne, na kingo za paa ambapo maji hutuama. Aliweke kontena juu ya matofali au nguzo fupi ili hewa ipite chini, na alirudishie rangi mahali palipokatwa. Pia asikate ukuta wote wa upande kufungua duka bila kuweka fremu, kwa sababu kuta zile zenye mikunjo husaidia kubeba paa.

Karatasi tatu: jibu

Sasa kamati inaweza kurudi mezani.

Karatasi ya kwanza, S355J0W yenye cheti, inatosha kwa bamba la milimita 16 mahali pasipofika chini ya nyuzi 0. Kamati ihakikishe cheti ni cha aina ya 3.1 kwa kanuni ya EN 10204, chenye matokeo ya nyundo ya chuma hichohicho, na kwamba namba ya myeyusho iliyo kwenye cheti ndiyo iliyogongwa au kuandikwa kwenye bamba. Cheti bila namba inayolingana ni cheti cha bamba la mtu mwingine.

Karatasi ya pili, S355K2W bila cheti, ikataliwe hata ikiwa na bei nafuu. Herufi bila cheti ni wino tu.

Karatasi ya tatu, A588 bila matokeo ya nyundo, si mbaya, lakini haijakamilika. Kamati inaweza kumwomba muuzaji alete matokeo ya kipimo, au apeleke vipande maabara kwa gharama yake kabla ya kulipwa. Akikubali na matokeo yakampendeza mhandisi, bei yake ishindanishwe na ya kwanza.

Pesa zitakazookolewa kwa kutonunua K2 zitumike kwa vijiti vikavu vya E7018 au E8018-W2, fundi aliyepimwa kazi yake, na ukaguzi wa maungio. Usalama wa watoto watakaopita hapo unategemea zaidi mambo hayo matatu.

Haki ya mkazi kuuliza

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na inataka ofisi itoe uamuzi ndani ya siku 21. Mkazi anaweza kuomba cheti cha chuma na ripoti ya ukaguzi wa maungio ya kivuko kilichojengwa kwa pesa za umma. Si lazima aeleze kwa nini anataka kujua.

Maswali matano ya kubeba kwenye mkutano wa mradi:

1. Kanuni gani na gredi gani, kwa herufi zote?
2. Matokeo ya nyundo ni jouli ngapi, kwa halijoto gani?
3. Namba ya cheti inalingana na namba iliyo kwenye bamba?
4. Vijiti gani vimetumika, na vilitunzwa wapi?
5. Nani alikagua maungio, lini, na kwa njia gani?

Kivuko kikishasimama, kazi ya mkazi inaendelea. Majani yaondolewe kwenye mihimili, udongo usiachwe ukaegemea chuma, na mitaro ya maji isizibwe. Akiona kutu inayobanduka kwa maganda mazito, au mstari mwembamba wa kutu unaotoka kando ya ungio, huenda hapo pana ufa. Awaambie wanaosimamia barabara za mtaa siku hiyohiyo, na watoto wapitishwe njia nyingine mpaka pakaguliwe.